Jinsi ya Kupanga Ratiba ya Mwaka wa Kwanza Chuoni: Anza na Saa Zisizoandikwa

Mwanafunzi anayetoka sekondari amezoea kengele. Ikilia anaingia, ikilia tena anatoka, na mara nyingi hata muda wa kujisomea jioni amepangiwa. Anafika chuoni, anafungua ratiba yake, anakuta Jumanne ina mhadhara mmoja tu na Ijumaa haina kitu kabisa. Anafurahi. Inapofika wiki ya sita anadaiwa ripoti tatu kwa mpigo, na zile Ijumaa tupu hajui zilikwenda wapi.

Nimekaa mezani na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza, karatasi ya ratiba ikiwa katikati yetu, na tatizo karibu kila mara ni lilelile: wamepanga saa za darasani peke yake. Chuoni sehemu kubwa ya masomo hufanyika nje ya darasa, katika saa ambazo hakuna mtu anayekuandikia. Ukizipanga hizo kwanza, saa za mihadhara hazikusumbui sana.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi kabla ya kuchagua chochote

Usiingie kwenye mfumo wa usajili mikono mitupu. Tafuta mwongozo wa programu yako ya masomo, ambao wengi huuita prospektasi. Humo ndimo zimo kozi za lazima, za hiari, na idadi ya krediti, yaani vipimo vya kazi ya kozi, unazohitaji ili kuhitimu. Tafuta kalenda ya masomo ya mwaka mzima. Tafuta orodha ya kozi zinazotolewa muhula huu pamoja na mikondo yake, yaani makundi ya kozi ileile yenye ratiba tofauti, siku na saa. Na chukua ramani ya chuo. Utaihitaji zaidi ya unavyodhani.

Kwenye kalenda, tarehe mbili hukanganya sana wageni. Vyuo vingi vina mwisho wa kuongeza na kubadili kozi, kwa kawaida wiki ya kwanza au ya pili, na ukiacha kozi kabla ya hapo ni kama hukuwahi kujisajili. Halafu kuna tarehe nyingine, katikati ya muhula au baadaye kidogo, ambapo bado unaweza kujitoa, ila kozi inabaki kwenye rekodi yako ikiwa na alama ya kwamba ulijitoa. Haiingii kwenye wastani wa alama, lakini ada yake mara nyingi hairudi. Ziandike tarehe zote mbili mahali unapopaona kila siku, kwa sababu mfumo hufunga wenyewe, na huruma ya mtu wa ofisini haiufungui.

Kama programu yako imepanga kila kozi ya mwaka wa kwanza na huna cha kuchagua ila mkondo, ruka hatua ya pili na uanzie ya tatu. Hiyo haikuepushi na kazi. Inakupunguzia tu maamuzi.

Hatua ya 2: Soma mnyororo kuanzia mwisho

Kozi za chuoni zimefungamana. Huingii Kalkulasi ya pili bila kufaulu ya kwanza, na kozi nyingi za uhandisi za mwaka wa pili haziguswi bila zote mbili. Kwa anayesomea baiolojia au tiba, kemia ya jumla hutangulia kemia ya kaboni, nayo kemia ya kaboni hutangulia baiokemia. Kwenye kompyuta, utangulizi wa kuandika programu hutangulia miundo ya data, na miundo ya data hutangulia algoriti.

Chukua karatasi uilaze. Upande wa kulia andika kozi mbili tatu za mwaka wa mwisho unazojua huwezi kuhitimu bila hizo. Kwa kila moja jiulize: kabla yake natakiwa niwe nimefaulu nini? Chora mshale kurudi kushoto. Endelea hivyo mpaka ufike muhula wako wa kwanza. Kozi itakayokuwa imefikiwa na mishale mingi kuliko zote ndiyo unayojisajili kwanza, hata kama ipo saa usiyoipenda, hata kama rafiki zako wote wamechagua nyingine.

Kisha angalia jambo ambalo watu husahau: je, kozi hiyo hutolewa kila muhula, au mara moja tu kwa mwaka? Kama ni mara moja kwa mwaka, kuikosa sasa ni kuisubiri miezi kumi na miwili, na kila kilicho mbele yake kwenye mnyororo kinasubiri pamoja nawe. Nimeona mtu akimaliza mwaka mzima nyuma ya wenzake kwa sababu ya kozi moja ya hesabu aliyoiahirisha muhula wa kwanza ili "azoee mazingira".

Chuo kikikupa mtihani wa kupima kiwango chako cha hesabu au lugha kabla ya usajili, ufanye kwa uangalifu, peke yako, bila kusaidiwa. Matokeo yake ndiyo yanayokuweka kwenye pete ya kwanza ya mnyororo huo. Ukiwekwa juu ya uwezo wako utaanza muhula ukiwa tayari umeachwa.

Hatua ya 3: Hesabu saa, si vipindi

Krediti inapima kazi yote ya kozi, pamoja na ile usiyosimamiwa. Mifumo inatofautiana, lakini tazama inavyokutana.

Marekani, krediti moja kwa kawaida ni saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Mwanafunzi mwenye krediti 15 basi ana saa 15 za vipindi na saa 30 za kujisomea: jumla 45. Mfumo wa nchi za Ulaya una krediti 60 kwa mwaka, kila moja ikikadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800, na ukizigawa kwa wiki 40 unapata kati ya 37 na 45. Uingereza ni krediti 120 kwa mwaka, kila moja saa 10. Saa hizo 1,200 zikigawanywa kwa wiki 30 zinakuwa 40 kwa wiki.

Mifumo mitatu iliyojengwa mbali mbali, yote inaangukia palepale. Mwanafunzi wa muda wote ana kazi ya saa 40 na ushee kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Ratiba uliyopewa na chuo inaonyesha theluthi moja tu ya hizo, au pungufu.

Sasa fanya hesabu yako mwenyewe. Wiki ina saa 168. Ondoa usingizi wa saa 8 kila usiku, zinabaki 112. Ondoa saa 3 kila siku za kula, kuoga, kufua na kutembea, zinabaki 91. Ondoa 45 za masomo, zinabaki 46. Ndani ya hizo 46 ndimo mna ibada, michezo, marafiki, familia, na kibarua kama unacho. Kibarua cha saa 15 kinawezekana. Cha saa 30 kinakuachia saa 16 kwa wiki nzima, na hizo huliwa na foleni, ugonjwa na mambo ya ghafla. Mwenye kibarua cha namna hiyo ni bora apunguze kozi mapema na kwa makusudi kuliko kufeli mbili mwishoni.

Lakini kupunguza nako kuna bei yake. Shahada ya krediti 120 kwa krediti 15 kila muhula huchukua mihula minane. Kwa krediti 12 inakuwa kumi. Mikopo, ufadhili na nafasi za bweni mara nyingi vimefungwa kwenye sharti la kuwa mwanafunzi wa muda wote. Anayesoma Marekani kwa viza ya wanafunzi, F-1, katika shahada ya kwanza anatakiwa kwa kawaida kubaki na angalau krediti 12. Soma barua yako ya ufadhili mstari kwa mstari kabla ya kudondosha kozi yoyote.

Mzigo wa kupita kawaida usiuchukue muhula wa kwanza. Hata kama ulikuwa wa kwanza shuleni kwenu. Hujui bado unasoma kwa kasi gani kitabu cha chuo, na hakuna njia ya kujua kabla hujakisoma.

Hatua ya 4: Changanya aina za kazi

Kozi nne zenye krediti sawa hazina uzito sawa. Historia inadai kurasa nyingi za kusoma kila wiki na insha ndefu mara mbili kwa muhula. Hesabu inadai maswali kila siku mbili; huwezi kuyarundika hadi Jumapili ukayamaliza. Lugha inadai muda mfupi lakini wa kila siku. Maabara ni danganyifu kuliko zote: saa tatu za kusimama mezani huweza kuhesabiwa krediti moja tu, halafu ripoti inakula jioni nzima.

Kwa hiyo kando ya kila kozi andika neno moja: kusoma, kuandika, maswali, au maabara. Ukiona neno moja limejirudia mara tatu, badili kitu, hasa kwenye kozi za hiari. Mwenye maabara mbili ajitafutie kozi ya hiari isiyo na ripoti. Mwenye kozi tatu za insha achukue takwimu au lugha, ili akili ibadilishe mkao.

Kuwauliza waliotangulia kunasaidia, ila uliza vizuri. "Kozi hii ni rahisi?" ni swali bovu, kwa sababu rahisi kwa nani? Uliza: ulikuwa unatumia saa ngapi kwa wiki, na kazi zilikuwa za namna gani? Majibu ya watu watatu yatakupa picha.

Hatua ya 5: Chora wiki

Chora jedwali la siku saba, kuanzia saa unayoamka hadi unayolala. Tumia penseli.

Anza na visivyohamishika. Usingizi, ibada, kibarua, safari ya kwenda na kurudi kama unaishi nje ya chuo. Watu wengi huweka usingizi mwisho, na ndiyo maana huwa wa kwanza kuibiwa. Kisha ingiza kozi zenye mkondo mmoja tu, kwa kuwa hizo huna la kuzifanya. Halafu maabara, kwa sababu ni ndefu na nafasi zake chache. Mihadhara yenye mikondo mingi iwe ya mwisho. Hiyo ndiyo unayoizungusha mpaka vipindi viache kugongana.

Kuhusu vipindi vya saa moja na nusu au saa mbili asubuhi: saa ya mwili ya vijana wa miaka ya mwisho ya ujana husogea mbele, yaani usingizi huchelewa kuja na kuondoka. Ni jambo la kibiolojia. Usijiulize kama unaweza kuamka mapema, maana kila mtu anaweza kwa wiki moja. Jiulize mwezi uliopita uliamka saa ngapi siku ambazo hakuna aliyekuamsha. Kama ni saa tatu, usijaze asubuhi zako zote. Kipindi cha mapema kikiwa hakikwepeki, basi kiwe cha kozi ya maswali au maabara, ambapo mikono inafanya kazi. Mhadhara mrefu wa kusikiliza saa hizo ni mgumu.

Wengi hupenda kubana kila kitu kwenye siku tatu ili wabaki na siku nne huru. Inaonekana ni busara. Tatizo ni kwamba siku ya vipindi sita mfululizo, viwili vya mwisho huvifuatilii. Umekaa tu kwenye kiti. Na ukiugua siku moja umepoteza theluthi ya wiki. Kama unafanya kazi au unalea mtoto, na hizo siku nne zina mwenyewe, kubana ni sawa. Kama huna sababu hiyo, tawanya.

Nafasi ya saa moja kati ya vipindi usiione hasara. Nafasi ya dakika kumi ndiyo ya kuogopa. Hapo ndipo ile ramani inatumika: pima kwa miguu yako umbali wa jengo hadi jengo kabla muhula haujaanza, ukikumbuka kwamba mhadhiri anaweza kupitisha muda na ngazi zitakuwa zimejaa. Acha pia muda wa kula mchana kila siku, hata nusu saa. Ratiba isiyo na chakula haimalizi mwezi.

Hatua ya 6: Weka saa za kujisomea kwenye jedwali hilohilo

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote, kwa sababu ndipo karibu kila mtu anaporuka.

Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau huanza kwa kasi: sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kinachobaki hupungua polepole. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda marudio yaleyale yakirundikwa pamoja. Watafiti waliomfuata wamelithibitisha hilo mara nyingi.

Kwa mpangaji wa ratiba, maana yake ni hii: saa ya kwanza ya kujisomea iwe karibu na mhadhara wenyewe. Tuseme mhadhara wa uchumi ni Jumatatu saa nne hadi saa sita mchana, na semina yake ni Alhamisi saa nane. Jumatatu hiyohiyo saa saba, funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua ujaze mapengo. Dakika arobaini zinatosha. Jumatano jioni, saa moja na nusu hadi saa tatu, fanya maswali ya semina. Ijumaa asubuhi, nusu saa, rudia yale uliyokosea. Umegusa somo lilelile mara tatu, na wakati wa mitihani hutalianza upya.

Fanya hivyo kwa kila kozi. Usiandike "kujisomea" tu kwenye kisanduku, kwa sababu ukifika hapo utatumia dakika ishirini kuamua usome nini. Andika "maswali ya kemia, sura ya wiki hii". Andika na mahali: maktaba, darasa tupu, popote pasipo kitanda. Kazi ngumu zaidi iweke saa ambazo akili yako ina nguvu, na kunakili marejeo au kupanga mafaili kuwe jioni ukishachoka.

Usijaze kila kisanduku. Acha saa nne au tano kwa wiki bila jina. Kuna wiki kazi itafurika, na isipokuwa na pa kumwagikia itamwagikia usingizini.

Hatua ya 7: Peleka rasimu kwa mshauri wa masomo

Nenda ukiwa na rasimu, ule mnyororo wa mishale, na maswali yaliyoandikwa. Mshauri anayeona kazi yako atarekebisha. Anayeona mikono mitupu atakupa ratiba ya kila mtu. Muulize ni kozi ipi kati ya hizi wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukwama zaidi, na kama kuna mpangilio wowote hapa utakaokuzuia mwaka wa pili. Muulize pia mitihani inapangwaje. Kuna vyuo ambako tarehe ya mtihani hutokana na saa ya kipindi, hivyo unaweza kuona mapema kwamba una mitihani mitatu kwa siku moja.

Hatua ya 8: Siku ya usajili

Andaa ratiba mbili za akiba. Mikondo mizuri hujaa ndani ya dakika, na wanaofadhaika ndio wanaojisajili chochote kilichobaki. Andika namba za kozi na mikondo kwenye karatasi, ingia mara tu dirisha linapofunguliwa, na anza na ile kozi yenye mishale mingi. Kama mkondo umejaa, ingia kwenye orodha ya kusubiri lakini jisajili mwingine kwa sasa, kama mfumo unaruhusu. Wiki ya kwanza watu huhama na nafasi huachwa wazi. Ukimaliza, hifadhi nakala ya ukurasa wa uthibitisho.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza, na zile baada ya hapo

Kila mhadhiri atakupa muhtasari wa kozi. Siku utakayokuwa nayo yote, kaa chini uhamishe kila tarehe ya insha, jaribio na ripoti kwenye karatasi moja ya muhula mzima. Utaona wiki mbili au tatu zimejaa hadi pomoni. Hesabu siku kumi kurudi nyuma kutoka kwenye kila wiki hizo, na hapo andika "anza". Kama kuna kozi ambayo muhtasari wake unakuonyesha hukuielewa ulipoichagua, huu ndio wakati wa kuibadili, kabla ya ile tarehe ya kwanza uliyoiandika ukutani.

Katika wiki hizo za kwanza, andika pia saa ulizotumia kweli kwa kila kozi. Zile ulizopanga weka kando. Kalamu na mstari mmoja kila usiku vinatosha. Wiki ya tano au ya sita, majaribio ya kwanza yakirudi, weka saa hizo kando ya alama. Kozi inayokula saa nyingi na kurudisha alama ndogo haihitaji saa zaidi kwanza; inahitaji uende kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi, ukiwa na swali moja ulilokwama na karatasi inayoonyesha ulipokwamia. Inayokula saa chache na kurudisha alama ndogo, tatizo lake liko kwenye jedwali, na unaweza kulirekebisha usiku huohuo. Ukifikiria kujitoa, angalia tarehe ya pili, sharti la ufadhili, na nafasi ya kozi hiyo kwenye mnyororo, kisha zungumza na mshauri kabla ya kubonyeza.

Karatasi ya saa za kweli itunze. Usajili wa muhula wa pili mara nyingi hufunguliwa kabla wa kwanza haujaisha, wakati umechoka na mitihani iko mlangoni, na utatakiwa kukadiria uzito wa kozi mpya. Safari hii utakuwa na namba zako mwenyewe za kukadiria nazo.